Mama Mbuzi Asiyerudi

Florentine alifundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika shule moja ndogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa. Wengi wao walikuwa wamekimbia vita vijijini, na wengine walishinda kutwa nzima bila kutoa neno. Ndipo alipochukua karatasi za mifuko ya simenti, akazishona zikawa kitabu, akachora humo mwana-mbuzi aliyeachwa na mama yake. Kwenye kila ukurasa aliwauliza watoto, "Huyu anasikia nini mu roho?" Nao walijibu: uchungu, woga. Wengine walionyesha kwa uso tu.

Kwenye ukurasa wa mwisho mama mbuzi alirudi. Florentine hakuwa na moyo wa kuchora kitu kingine.

Aliyekipenda zaidi kitabu hicho ni Fanny, wa miaka mitano. Mama yake, Solange, alipigwa risasi akitoka shambani karibu na kijiji cha Lubondja, akazikwa hukohuko. Mtoto aliambiwa na nyanya yake, au koko kama wanavyosema huko, Koko Pulchérie, kwamba mama ameenda mji wa Uvira.

"Madame, mama ya mbuzi alipita wapi juu ya kurudi?" Fanny aliuliza siku moja.

"Ku barabara," Florentine alijibu, akafunga kitabu.

Kesho yake Fanny hakufika shuleni. Walimtafuta sokoni, wakamtafuta ziwani. Saa nane mchana dereva wa pikipiki aitwaye Bukuru alimkuta nje ya mji, kando ya barabara ya Uvira, amekaa juani, midomo imepasuka. Alikuwa amejikojolea kwa kuogopa kuondoka pale.

"Niko nangoya mama," alimwambia Bukuru. "Kitabu ilisema atapita huku."

Bukuru alimrudisha kwa pikipiki, na Florentine akayasikia maneno hayo. Jioni ileile alikwenda kwa Koko Pulchérie, akamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Koko, tumuambie mutoto ukweli."

"Ukweli gani? We ndiye ulizaa Solange?"

"Hapana, Koko. Lakini mi nilimudanganya Fanny na kitabu yangu. Leo angekufia ku barabara."

Koko alitwanga mpaka majani yakawa uji. "Basi sema we," alisema mwishowe. "Mi kinywa yangu haiwezi."

Florentine aling'oa ule ukurasa wa mwisho, akachora mwingine: mwana-mbuzi peke yake, kando ya kaburi lililoota majani. Asubuhi alimpakata Fanny, Koko akiwa ameketi pembeni.

"Mama ya mbuzi alikufa," alisema. "Hatarudi. Na mama Solange naye alikufa, Fanny. Haiko Uvira."

Fanny alimgusa kwa kidole mwana-mbuzi wa kwenye picha.

"Sasa nani anamupa maziwa?"

"Koko yake."

"Koko haina maziwa."

 Mtoto akaanza kulia, akalia mpaka akatapika. Koko naye akalia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulia mbele ya mjukuu wake tangu msiba.

Kwa majuma kadhaa Fanny hakukigusa kitabu tena, wala hakukubali kushikwa mkono na Florentine. Kisha siku moja ya mvua alimwendea mwenyewe, akasimama mbele yake.

"Madame, niko na kasirani."

"Kasirani juu ya nani, mama?"

"Juu yako."

"Ndiyo," Florentine alisema. "Uko na haki."

Fanny akarudi kukaa mwisho wa mkeka, mgongo akiuelekeza kwa wenzake.