Albamu Iliyosafishwa

Watu wa Kasulu walituita bendi ya mastaa, kwa kejeli kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa ametoka kwenye kundi lenye jina: mpiga ngoma alitoka bendi ya harusi ya Kibondo, mpiga besi aliacha taarabu, mimi niliacha kwaya. Mpiga gitaa la solo alikuwa mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambako makanisa yalikuwa yakimgombania. Kilichotukutanisha ni roki, muziki mzito ambao hakuna aliyetuomba tuupige.

Mpiga solo aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe, makusudi. Gitaa likipita humo halikuimba, lilinguruma na kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema baba yake alifia njiani walipokimbia kutoka Kongo, hawakupata hata muda wa kumfukia, na tangu hapo kanisani anapigishwa nyimbo za kushukuru.

"Miye niko na kilio, dada. Kwa gitare safi hakitoki."

Kilio hicho kikawa wimbo wa mwisho wa albamu yetu ya kwanza. Haukuwa na maneno. Nilijaribu kuuandikia, mimi ninayejiita mwandishi, nikatupa kila nilichoandika. Yeye na mama yake walikuwa wamekubaliwa kwenda kuishi ng'ambo, na kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: kilio kibaki upande huu wa dunia, alikobaki baba.

Tulirekodi nyuma ya duka la simu, katika chumba chenye kuta za trei za mayai. Mwenye studio alizoea kwaya. Alivuta waya mmoja kutoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye mashine, akaweka na maiki mbele ya spika. Mpiga solo alipiga macho yamefumbwa. Mwenye studio alimtazama kwa huruma.

Tulirudi kusikiliza siku ambayo mpiga solo alipata kibali cha mwisho cha kutoka kambini kwa siku moja kabla ya safari. Mwenye studio alitupokea kwa soda. Akaufungulia wimbo. Gitaa lilitoka jororo, kila noti imenawa uso.

"Iko wapi ile ngurumo?" mpiga ngoma aliuliza.

"Nimewaondolea. Spika yenu ilikuwa imechanika, nyie hamkuona? Ingewaaibisha mji mzima. Nimechukua sauti ya waya peke yake. Na spika nimewawekea karatasi mpya, zawadi yangu."

"Irudishe ya maiki, kaka," nilisema.

"Nimeshaifuta. Mashine ilijaa, na kwaya ya Gwarama walikuwa wanangoja. Jamani, mbona mmenuna? Mastaa hamna shukrani!"

Mpiga solo aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akainuka akampa mkono.

"Merci, grand. Iko propre, safi kabisa."

Nje nilimshika mkono. Nikamwambia tununue wembe, tuichane tena spika, turekodi ule mmoja tu.

"Gari ya kurudi kambi inatoka sasa," alisema. "Na ile siku nilitoa yote, dada. Haiko tena."

Akajitwika spika begani na kwenda.

Wimbo ule umependwa. Juzi, kwenye harusi huko Buhigwe, waliupiga bibi harusi akikata keki, na mama mmoja akaniambia aliyepiga gitaa hilo ni mtu aliyejaa neema. Nikamwitikia, "Ndiyo, mama."

Niliporudi nyumbani nilikuta ujumbe wa mpiga solo kwenye simu, wa kwanza tangu aondoke. Anasema mama yake huufungulia wimbo ule kila asubuhi akifagia. Anasema unampumzisha. Mama hajui unamlilia nani, na mwanawe ananiuliza kama amwambie.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Kila nikianza kumjibu, nafuta.