Uzi Kutoka Mlandizi

Mpaka leo, moshi wa korosho ukiniingia machoni, huwa natafuta kijiti kilichosimama katikati ya uwanja.

Mama alipomfuata baba kaburini, shangazi alimchukua mdogo wetu wa mwisho, binti, akakae naye Mlandizi, maana nisingeweza kulisha wawili. Mimi mkubwa niliacha shule, nikabaki kijijini kwetu Masaki na mdogo wangu wa kiume, nikikaanga na kubangua korosho za watu. Mafuta ya maganda yalinibabua vidole.

Siku moja mdogo wangu huyo alirudi kutoka shule akihema. "Dada, dunia ni mviringo! Watu wa kale walisimamisha vijiti miji miwili, saa sita mchana. Vivuli havikulingana, ndiyo wakajua."

"Hao watu wa kale maji walichotewa na nani?" nikamuuliza.

Hakunijali. Alikata vijiti viwili sawasawa, kimoja akakisimamisha katikati ya uwanja, kingine akampa kijana wa bodaboda ampelekee mdogo wetu Mlandizi. Jumamosi saa sita apime kivuli kwa uzi, aukate, aurudishe.

Uzi ulirudi ukinukia mafuta ya nazi ya nywele zake. Kaka mtu akaulaza kando ya wake, aliopimia uwanjani saa ileile. Zikalingana kabisa.

Nikacheka. "Haya mwalimu, dunia yako imekuwa bapa!"

Yeye hakucheka. "Dada, maana yake Mlandizi ni karibu. Sasa mbona hatumfuati?"

Chini ya bati la kukaangia moto ulikuwa umekolea, na gunia la korosho za watu lilikuwa bado nusu.

"Geuza korosho," nikamwambia. "Zinaungua."