Jicho la Mkaguzi wa Mizani

Shemeji yangu hasahau. Nimemwoa mdogo wake miaka kumi na tisa sasa, na nimefanya naye kazi ofisi moja miaka kumi na minne, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia namsingizia. Ukimkosea leo asubuhi atakusalimia vizuri, atakuuliza kama watoto hawajambo, na kosa lako atalihifadhi mpaka siku atakayolihitaji.

Kazi yetu ni ukaguzi wa mizani. Tunazunguka sokoni na madukani na sanduku la mawe ya shaba. Tunaweka jiwe la kilo juu ya mizani ya mfanyabiashara, tunatazama mshale unasimama wapi. Ukisimama panapotakiwa, tunapiga lakiri na kwenda zetu. Usiposimama, tunaifunga mizani kwa waya na kujaza fomu yenye saini mbili. Ni kazi ya kuinama, maana mshale ukiutazama kutoka juu utakudanganya. Lazima jicho liwe usawa wake. Hakuna aliyekuwa anausoma kama shemeji. Wauza nafaka walimwita Mama Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Alipofika miaka arobaini na moja, kope ya chini ya jicho lake la kushoto ikaanza kucheza. Mke wangu akamtania kwamba atapata mgeni. Hakuja mgeni yeyote. Baada ya mwaka mmoja, ule mchezo ulishuka shavuni, ukafika pembe ya mdomo, hadi upande mzima wa kushoto ukawa unajikunja wenyewe: jicho linafumba, mdomo unavutwa juu, sekunde chache, kisha unaachia. Ulizidi akichoka, ulizidi akikasirika, na ulizidi hasa akikaza macho kutazama kitu kidogo. Yaani mshale wa mizani.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya mwenye duka. Mkaguzi ameinama, ameona kitu. Anainua uso, anakutazama, jicho moja linafumba na mdomo unapinda kama anayetabasamu kwa siri. Sokoni lugha hiyo haihitaji mkalimani. Maana yake tuelewane. Wengine walimtumbukizia bahasha kwenye mkoba. Alizirudisha huku anafoka, na alivyozidi kufoka ndivyo uso ulivyozidi kukonyeza. Nilicheka, sitaki kudanganya. Si mara moja.

Kulikuwa na muuza nyama mmoja aliyeandika KILO KAMILI kwa rangi nyekundu ukutani kwa bucha lake, na jina likamganda. Shemeji alimfungia mizani mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ile ya pili alikuta donge la mafuta limebandikwa chini ya sahani, limefinyangwa vizuri kabisa, huwezi kuliona mpaka upapase. Alilibandua kwa ukucha, akaliweka juu ya kaunta mbele ya wateja. Nilikuwa nyuma yake nimeshika sanduku. Wiki iliyofuata barua ikafika ofisini: mkaguzi alinikonyeza mara tatu akitaka kitu kidogo, nilipokataa akanifungia.

Ikaundwa kamati ya watu watatu, mkuu wa ofisi akiwa katikati. Mimi nikaitwa kama shahidi. Mkuu aliniuliza swali moja tu.

"Ulikuwepo. Alimkonyeza, hakumkonyeza?"

Ningeweza kusema ni ugonjwa. Nilijua ni ugonjwa. Kila Jumapili alikuwa anakula mezani kwangu, nilimwona chai ikimtoka pembeni mwa mdomo na mke wangu akimpa kitambaa. Lakini ugonjwa wenyewe daktari alikuwa hajaupa jina, na cheo cha kiongozi wa wakaguzi kilikuwa kinagombewa na watu wawili, yeye na mimi.

"Jicho lilifumba, mkuu," nikasema. "Ya moyoni mwake mimi siyajui."

Sikusema neno hata moja la uongo. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka maneno yenyewe yamechuja. Yeye alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Alinigeukia, akataka kusema kitu, uso ukajikunja, jicho likafumba mbele ya kamati nzima. Mkuu akashika kalamu.

Akapelekwa stoo, kutunza mizani mibovu iliyokamatwa. Mimi nikapewa uongozi. Nyumbani sikumwambia mke wangu nilichosema pale, na nikawa nasubiri dada yake amwambie. Hakumwambia. Jumapili alikuja kama kawaida, akasifu mboga, akaniomba chumvi. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa.

Miaka mitatu alikaa stoo. Alipigwa sindano za kulegeza misuli ya uso, kila baada ya miezi mitatu, na zilimsaidia kidogo, ila shavu lilikuwa linalegea na kicheko kinatoka upande mmoja. Hakuridhika. Akahangaika mpaka akampata daktari wa upasuaji wa ubongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na siku ya kusomewa majibu tukamsindikiza, mimi na mke wangu.

Daktari alituonyesha picha ya ndani ya kichwa. "Huu ni mshipa wa fahamu unaoamuru uso," alisema. "Na huu ni mshipa wa damu. Umeulalia mwenzake pale pale unapotoka kwenye ubongo. Moyo ukipiga, unagongwa. Ukigongwa miaka na miaka, ganda lake linachubuka, unaanza kutoa amri ambazo hakuna aliyezitaka."

"Kwa hiyo si wasiwasi," shemeji alisema. "Wala sikukonyeza mtu."

"Hapana. Ni mshipa umekaa pasipo pake."

"Andika hivyo hivyo, daktari. Kwa mkono wako, na muhuri."

Daktari alitabasamu, akadhani ni utani. Akaendelea kueleza upasuaji: watakata nyuma ya sikio, watatoboa fupa tundu dogo linaloweza kuzibwa na kifuniko cha chupa, watatazama kwa darubini, watauinua ule mshipa wa damu na kupachika kipande laini kama pamba katikati, mishipa hiyo isigusane tena. Kisha akataja hatari bila kuzipamba. Anaweza kupoteza usikivu wa sikio hilo. Uso unaweza kupooza. Kiharusi hutokea mara chache, na kifo mara chache zaidi.

Mke wangu alimshika mkono. "Dada, achana nayo. Sindano zinatosha. Nani amekufa kwa kuchezwa na jicho?"

"Sindano zinaulaza uso. Mimi nautaka uamke, unitii."

"Wengi wanaokuja hapa wamechoka kuchekwa," daktari alisema. "Na wewe ni hivyo?"

"Kuna mtu nataka kumtazama bila kupepesa."

Alisema hivyo akiiangalia ile picha. Nilidhani anamsema muuza nyama, na nikafurahi kwamba hanisemi mimi.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mke wangu anasali kimya kimya, mimi nasoma tangazo moja la kunawa mikono tangu juu hadi chini, narudia tena. Nilitaka apone. Na kulikuwa na kipande cha roho yangu, naona aibu kukiandika, kilichowaza kwamba asipoamka, maneno yangu ya siku ile hayataamka naye. Sikukifukuza haraka kama ilivyonipasa.

Aliamka. Siku mbili alitapika na kulalamika kizunguzungu, kichwa kimefungwa bandeji, hataki mwanga. Siku ya nne aliomba kioo. Mke wangu akakishika mbele yake. Akafumba macho kwa nguvu, akafumbua. Akajaza upepo mashavuni, akaachia. Uso ukatulia. Mke wangu akaanza kulia kwa furaha.

"Bado," shemeji akasema. "Haya ninayafanya nikiwa nimetulia. Fungua mkoba wangu, kuna karatasi. Nisomee."

Zilikuwa nakala ya barua ya muuza nyama na kumbukumbu za kikao cha kamati, zimebanwa pamoja. Miaka mitatu alikuwa anatembea nazo. Mke wangu akasoma ile barua kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na shemeji anajitazama kwenye kioo. Shingo ilimvimba kwa hasira, niliiona, lakini kope haikutikisika. Mke wangu akafunua ukurasa wa pili, ule wenye jina langu.

"Inatosha," shemeji alisema. "Huo ni wa mambo ya kazi tu."

Akauchukua mkononi mwake, akaukunja, akanitazama mimi. Aliniangalia kwa muda ambao mtu anaweza kusali sala nzima. Nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa ambayo sikuyahitaji.

Sikio la kushoto halikurudi sawasawa. Daktari alimpima mara tatu na kumwambia ajifunze kuishi nalo. Alijifunza. Tukila, mimi ananikalisha kushoto kwake. "Huko ukiongea sikusikii, shemeji," ananiambia. "Napumzika." Mke wangu hucheka, anaona ni utani wa mashemeji.

Miezi minne baadaye alipeleka barua ya daktari kwa mkuu wa ofisi, mkuu akaitisha kamati tena, kamati ikaona haya. Wakafuta ile adhabu na kumrudisha nje. Cheo changu hawakukigusa, na yeye hakukiomba. Aliomba jambo moja: duru yake ya kwanza apangwe pamoja nami, na tuanze na bucha lile.

Tulifika Jumamosi, saa nne asubuhi, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Lazima niseme hapa jambo moja. Tangu lile donge la mafuta, Kilo Kamili alikuwa amenyooka. Alinunua mizani mpya. Mwenyewe nilimkagua kila mwaka, na nilimkagua kwa chuki, kwa sababu ningemkuta na kosa ningejisikia mwepesi. Sikuwahi kumkuta nalo.

Alipomwona shemeji alifuta mikono kwenye aproni na kuzunguka kaunta.

"Karibu, mama. Pole na matatizo. Nilisikia ulikuwa unaumwa kweli." Akashusha sauti. "Mimi sikujua. Nilikuwa na hasira siku zile. Nisamehe."

"Asante," shemeji alisema. "Tuanze kazi."

Nikafungua sanduku. Akaweka jiwe la kilo, akainama. Nikainama pembeni yake. Mshale ulikuwa umesimama juu ya mstari, sawasawa kabisa. Akaweka la kilo mbili, kisha la tano. Sawasawa. Akapapasa chini ya sahani, akanyanyua miguu ya mizani mmoja mmoja, akarudisha jiwe la kilo. Safari hii aliinama muda mrefu, na wateja wakaanza kuguna. Nilimwombea, kweli nilimwombea, apige lakiri tuondoke.

Akasimama wima. Akamtazama yule mtu machoni, na uso wake ulikuwa umetulia pande zote mbili, mzuri kama ulivyokuwa alipokuwa anahudhuria harusi yangu.

"Inapunja," alisema kwa sauti ya kusikika mlangoni. "Gramu arobaini kwa kila kilo."

Kilo Kamili alicheka kwanza. "Mama, hebu tazama tena."

"Nimetazama."

"Haiwezekani. Kama ni lile jambo la zamani, nimekuomba radhi sasa hivi, mbele ya..."

"Sijaja na jambo la zamani. Nimekuja na mawe."

Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni alirudisha kifurushi chake cha nyama juu ya kaunta na kukisukuma. Mwingine akasema kumbe ndiyo maana. Maneno yakapita hadi nje, na wale wa nje wakaanza kuondoka. Shemeji alikwisha zungusha waya kwenye mizani na alikuwa anajaza fomu, mwandiko wake mzuri, haraka haraka.

Kilo Kamili akanigeukia mimi. "Bosi, wewe unaijua mizani hii. Hii lakiri ni ya mkono wako. Sema basi."

Shemeji aliweka fomu mbele yangu na kalamu juu yake. Alikuja karibu, akazungumza polepole, sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Ulikuwepo, shemeji. Umeuona mshale. Kesho Jumapili, mdogo wangu ameniambia nije mapema nimsaidie jikoni. Nije na karatasi zangu, au niziache nyumbani?"

Nilitafuta usoni mwake dalili yoyote, mtikisiko wowote, kitu cha kuniambia kwamba na yeye inamuuma. Daktari alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu, cheo changu na tarehe, nikatia saini. Yeye akaikagua fomu, akachana nakala moja na kumkabidhi mwenye bucha. Kilo Kamili hakunitukana. Aliisoma saini yangu, akavua aproni, akaanza kuwaambia wateja wachache waliobaki kwamba leo hakuna nyama.