Gia Iliyokwama Njia ya Ukweni

Nilipanda treni Dar es Salaam nikiwa na begi la turubai, cheti cha kidato cha nne na spana nilizoachiwa na mjomba. Mama aliponiuliza nakwenda wapi, nilimwambia Morogoro. Haukuwa uongo. Morogoro nilikaa karibu mwaka mzima kwenye gereji ya mabasi, mpaka miguu ilipoanza kuniwasha. Ikafuata Dodoma, ambako nilijifunza kulala njaa kwa adabu, kisha Tabora, ambako nilinenepa kwa asali na karanga. Siku moja pale stesheni ya Tabora nikaona watu wanagombea behewa la kwenda Mwanza. Mimi nikiona watu wanagombea kitu, huamini ni kizuri. Nikagombea nami.

Treni ile ilikwenda kama mgonjwa anayepelekwa kwa mganga asiyemtaka. Ilisimama porini, ikafikiri, ikaendelea. Nilishuka Shinyanga kwa sababu moja tu: mwenye kuku aliyekuwa amelalia mguu wangu alishuka hapo, na mguu ulikuwa umekufa ganzi, ukahitaji kutembezwa. Nikapanga chumba mtaa wa Kambarage kwa mama mmoja aliyeuza uji. Ni yeye aliyeniambia kwamba Kahama yuko tajiri wa mpunga mwenye malori mabovu, na kwamba mafundi wake wote wamekimbilia machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Nikapanda lori la pumba. Nilifika Kahama mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na tajiri aliponiona alicheka hata akasahau kuniuliza kama kweli naijua kazi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda, sabuni ikiwa habari ya kusimuliwa na oili ya gari ikifichwa chini ya kitanda. Tajiri alikuwa na lori moja alilolipenda kuliko mengine, lori la zamani la jeshi, lenye fowili, yaani la kuvuta kwa magurudumu yote. Ndilo lililopeleka mchele na pampu za maji kwa wachimbaji, kwenye njia ambazo malori mengine yalikuwa yakiziona kwa mbali na kugeuza.

Dereva wake alikuwa Msukuma mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya padri. Aliposikia mimi ni Mzaramo, alinyoosha mikono juu kama aliyeokota mali.

"Mtani wangu! Nimeletewa mtani! Leo nani atabeba jeki?"

"Atakayebeba ni yule aliyezoea kubeba ndama," nikamjibu.

"Nyinyi mali yenu ni ngoma na nazi. Hivi mmewahi kuona ng'ombe, au mnamwona kwenye sahani?"

Basi ikawa hivyo kutoka asubuhi hadi jioni, na asiyejua utani wa makabila yetu angedhani tutauana.

Dereva huyu alikuwa na jambo lake. Alikuwa amechumbia binti mmoja wa Kisumbwa, wa kijiji cha pembeni mwa Masumbwe, na mahari ilikuwa imekubaliwa. Mara mbili alikuwa ametaja siku ya kupeleka ng'ombe, na mara zote mbili lori likamwangusha, mara ya kwanza machimboni, mara ya pili mtoni. Mzee wa binti alikuwa ametuma neno: "Mwambieni siku ya tatu ni Jumamosi. Jua likipita utosini sijamwona, nitajua hana haja." Tajiri akamwazima lori. Mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha linafika.

"Kwa nini msiwaswage kwa miguu kama baba zenu?" nilimuuliza.

"Nkoi," akasema, maana yake rafiki yangu, "mtu anayeendesha lori akaswage ng'ombe kwa miguu hadi Masumbwe? Watasema lori nililiota."

Nikaanza na transfa, maana ndiyo iliyokuwa ikivuja. Hii ni gia boksi ndogo inayokaa nyuma ya ile kubwa, katikati ya tumbo la gari. Ile kubwa inaipa nguvu, nayo inaigawa: shafti moja inakwenda magurudumu ya nyuma, nyingine ya mbele. Kwenye barabara ya kawaida unaiacha ilishe nyuma peke yake. Ukifika kwenye tope la mbuga, lile jeusi linalovua watu viatu, unavuta mkono wake mfupi, na mbele nako kunaanza kuvuta.

Nilifungua nati ya chini, oili ikatoka nyeusi na nyembamba kama chai ya mgahawani. Nikaipitisha kwenye kitambaa nikitafuta vipande vya chuma. Kulikuwa na vumbi la chuma tu, hakuna jino lililovunjika. Beringi zilikuwa hai. Nikatoa sili, ule mpira wa kuzuia oili, iliyokuwa imechoka, nikaweka mpya iliyokuwa imebaki stoo, kisha nikatafuta sababu ya ile ya zamani kufa mapema. Juu ya transfa kuna kitundu cha kupumulia. Ikipata joto, hewa itoke hapo. Nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba nzuri ya udongo. Hewa ikikosa mlango inasukuma oili ipite kwenye sili.

"Kwa hiyo ilikuwa inabanwa na gesi," akasema dereva, akiwa amelala kifudifudi kunitazama.

"Kama wewe ukila maharage."

Oili mpya ndiyo iliyokuwa taabu. Dereva akaja na debe la mafuta ya pamba kutoka kinuni, ameridhika kabisa.

"Mafuta ni mafuta."

"Ukitia hayo, tutafika ukweni tunanuka maandazi," nikamwambia. "Na yakishika moto yanaganda kama gundi."

Nikapata oili ya gia kwa wachimbaji niliokuwa nimewatengenezea pampu, nikajaza mpaka ikaanza kuchungulia kwenye tundu la pembeni, nikafunga. Mafuta ya pamba tuliyakaangia samaki.

Ijumaa jioni tulilipeleka lori kijijini kwake. Jumamosi alfajiri tukapakia ng'ombe kwenye kichuguu kilichochongwa kama ngazi: lori linarudishwa mpaka mkia wake uguse kichuguu, nao wanaingia wenyewe wakisukumwa matako. Ndani ya kibanda wakakaa dereva na shangazi yake, mama mnene mwenye kanga mpya na kauli fupi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Mimi nikawekwa nyuma nishike mikia.

"Mzaramo leo anasafiri na wakubwa zake," dereva akasema, akapiga honi.

Tulipofika kwenye mbuga kubwa aliweka fowili, na lori likapita kama linapita sebuleni. Nilifurahi, nikawaambia ng'ombe ile ni kazi yangu. Baada ya hapo njia ikawa ya changarawe, kavu, ngumu, yenye kona nyingi za kukwepa mashimo. Nikaanza kusikia mlio nisioupenda. Kwenye kila kona lori lilikuwa linajikunja na kuguna, na magurudumu ya mbele yanakwaruza ardhi. Halafu kukawa na kishindo chini ya tumbo. Nikagonga paa la kibanda kwa ngumi mbili.

"Umetoa fowili?" nikamuuliza alipozima.

Dereva akatazama usukani.

"Nimeiacha makusudi."

"Kwa nini?"

"Nakwenda kuoa. Niingie ukweni na magurudumu mawili, nachechemea? Niliona leo tuingie na miguu yote minne, kama ng'ombe wenyewe."

Sijui kama kuna dereva wa kabila jingine duniani angefanya kosa hilo kwa sababu hiyo. Nikamweleza kwa lugha ya kwao. Fowili ni kama kufunga ng'ombe wawili wa jembe kwenye nira moja. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope hakuna ugomvi, atakayezidiwa atateleza. Kwenye ardhi kavu hakuna wa kuteleza, kwa hiyo shafti zinajisokota, meno ya transfa yanabanana, na mkono hautoki tena. Ukilazimisha kwenda, kitu kitakatika.

Akauvuta mkono kwa mikono miwili. Haukutikisika.

"Dawa yake ni nini?"

"Rahisi. Rudi nyuma hatua chache, msokoto utafunguka wenyewe."

Shangazi akatoa kichwa dirishani.

"Nani arudi nyuma?"

"Gari, shangazi. Kidogo tu."

"Na ng'ombe wako wapi?"

"Ndani ya gari."

"Basi harudi mtu. Ng'ombe wa mahari wakishatoka, hawarudi kwao hata unyayo mmoja. Mahari iliyorudi nyuma inamrudisha na mke. Wewe mtoto wa pwani huwezi kujua, hukuzaliwa na ng'ombe."

Dereva alinitazama, akamtazama shangazi, akatazama jua. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyebeba yeye wale ng'ombe.

"Tuwashushe kwanza," nikasema.

"Tuwashushe wapi?" dereva akauliza kwa sauti ndogo. Akaonyesha kichuguu kilichokuwa pembeni mwa njia, kizuri, kirefu kabisa. Kilikuwa nyuma yetu. Ili tuwashushe ng'ombe tusirudi nyuma, ilibidi kwanza turudi nyuma.

Shangazi akafunga mikono kifuani. "Fundi ni nani hapa?"

Nikachukua jeki. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikatafuta jiwe pana la kukalia jeki, nikaiingiza chini ya ekseli karibu na gurudumu la mbele la kushoto. Wazo lilikuwa kulinyanyua gurudumu moja tu. Likikosa ardhi ya kushikilia, msokoto wote utakimbilia hapo utoke. Nikawaambia wasogee, nami nikapampu nimejiweka mbali kadiri mkono ulivyofika.

Gurudumu liliponyanyuka, likaruka. Kilisikika kishindo kama mtu ameangusha karai, nalo likazunguka kwa hasira, kisha likatulia. Mkono wa transfa ukatoka kwa kidole.

"Limerudi nyuma!" shangazi akapaza sauti. "Nimeliona! Limezunguka kwenda kwetu!"

Ilikuwa kweli. Lilizunguka kinyumenyume, na sikuwa na la kubisha.

"Shangazi," nikasema, "gurudumu ndilo lililozunguka. Ng'ombe wamesimama palepale."

Akapanda kwenye ngazi ya lori akachungulia ndani. Aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanacheua. Dereva alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili, midomo ikitembea bila sauti, nami nikadhani anasali.

"Gurudumu si ng'ombe," shangazi akaamua. "Twende."

Tulifika jua likiwa juu ya vichwa, vivuli vimeingia chini ya miguu. Mzee wa binti alikuwa amesimama, ameshika fimbo, kama mtu anayejiandaa kwenda ndani. Tulimpa shikamoo wote kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Marahaba. Nasikia ng'ombe wangu wamepanda gari. Hawajatapika?"

Kwake nako kulikuwa na kichuguu cha kushushia, na mkia wa lori ulitazama upande mwingine. Dereva akaganda na gia mkononi. Shangazi akamgonga bega.

"Rudisha gari, wewe, unasubiri nini? Hapa ukirudi nyuma, ng'ombe ndio wanakwenda mbele."

Wakashuka wakiyumba. Mzee akasema mkwe wake amewalewesha, na vigelegele vikaanza. Dereva alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameegemea ukuta, analia kama mtoto.

"Oili ya gia," akasema, "inanuka machoni."

Wiki chache baadaye walifunga ndoa kanisani, nami nilikaa kiti cha mbele, nimevaa suruali ya tajiri.

Kuanzia hapo sikupata raha. Yule mzee alikuwa amenipenda. Kila lori lilipopita upande ule nilitumiwa salamu, kisha kuku, kisha habari za mpwa wake, binti mwenye tabia njema anayejua kulima. Shangazi naye alitangaza kwamba ng'ombe watanitolea wao, Mzaramo atatoa wapi. Mke wa dereva akaanza kuniita shemeji kabla sijamwona huyo mpwa. Nilipomwona, ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu alikuwa mzuri, alicheka utani wangu wote, na alinitengea kigoda mlangoni kama mtu wa nyumbani.

Nilijua nikikaa mavuno mengine ya mpunga, ningeoa. Nilijua pia kwamba siku moja ningemwambia, kama nilivyomwambia mama, nakwenda Morogoro.

Asubuhi niliyoondoka, dereva alinipeleka mwenyewe hadi stendi ya Kahama, kwenye basi la Shinyanga. Mkewe alikuja na mtoto wao wa kwanza mgongoni, akanipa michembe ya viazi vikavu kwenye mfuko wa khaki, hakusema shemeji. Dereva alibeba begi langu. Hakunitania mpaka injini ilipowashwa.

"Sasa mzee nimwambie nini?"

"Mwambie nimekwenda kutafuta ng'ombe."

"Pwani?"

"Pwani."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akashika kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu.

"Mtani," akasema, "mwongo mkubwa wewe."

Basi likaanza kutembea. Alitembea nalo mpaka mwisho wa stendi, mkono ungali kwenye kioo, halafu akauondoa.