Hodi ya Mjomba Kule Roma

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na wewe unayefunga mizigo ya safari ni vizuri uisikie kwangu mwenyewe. Ni siku niliyozunguka kwa miguu mitaa ya nyuma ya Roma, mimi, mtoto wa kisiwa cha Rusinga niliyeishia darasa la nne.

Usicheke. Ilikuwa miaka ya tisini, samaki aina ya mbuta wa ziwa letu wanapanda ndege kwenda Ulaya, na mimi nina malori ya barafu kutoka Mbita hadi Migori. Hakuna aliyenishika mkono. Nilianza kwa kuswaga ng'ombe wa watu sokoni Ogwedhi, nikala vumbi, nikanunua baiskeli, ndipo nikaingia kwenye samaki. Basi parokia ilipopanga hija, nilijilipia mwenyewe, nikamlipia na mjomba wangu Petro, katekista mzee, ndugu pekee aliyebaki kwa mama yangu. Mama alitusindikiza hadi barabarani akaniambia, "Umrudishe. Ana sukari huyo, na akiumwa hasemi." Nikamjibu, "Mama, nani amewahi kupotea mikononi mwangu?"

Makanisa makubwa tuliyaona mpaka shingo zikauma. Siku ya mapumziko wenzetu wakalala. Mimi nikamwambia mjomba, "Nera, hapa tunaonyeshwa sebule tu. Twende tukaone jikoni." Nera kwetu ni kaka wa mama, naye huniita okewa, mtoto wa dada, na kati ya hao wawili utani hauna mpaka.

"Na njia unaijua, okewa?"

"Mtu aliyetoka Ntimaru hadi Ogwedhi kwa miguu ashindwe na lami?"

"Ng'ombe ndio walikuwa wanaijua njia. Wewe ulikuwa unawafuata."

Tukaenda hivyo hivyo, nimemharakisha hata chai hakumaliza. Na nakuambia kweli, niliona mambo. Tulivuka mto wao, ambao Mto Kuja ukifurika unaushinda. Tukapita machinjio ya zamani, na karibu yake kilima kizima cha vigae. Mitungi ya mafuta ya watu wa kale, imevunjwa na kurundikwa mpaka rundo likaota nyasi na miti. Mjomba alisimama pale muda mrefu. "Wafinyanzi wa kwetu wangelia," akasema. Watalii na kamera zao hawakufika huko. Tulikuwa sisi na paka.

Tukapita chini ya reli, tukapanda, tukatokea kwenye mtaa wa nyumba za rangi ya udongo mwekundu. Hazikupangwa kando ya barabara kama za mjini. Kulikuwa na lango, ndani ya lango uwanja, na nyumba zimeuzunguka uwanja zikitazamana, nguo zimeanikwa, mboga zimepandwa chini ya madirisha. Nikasimama. Ulaya nzima hiyo, mwanangu, ndipo mahali pa kwanza nilipopaelewa.

"Nera, tazama! Mwenye boma hili ameoa kweli. Kila mke na nyumba yake, na madirisha yanatazamana ili wachungane!"

Mjomba hakujibu. Mtu ambaye hawezi kuacha utani upite bila kuurudisha, hakujibu. Nikageuka, nikaona jasho linamtiririka usoni na mikono inatetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Mkate wake wa akiba tuliuacha chumbani.

Nikatafuta duka. Yote yalikuwa yamefungwa, mabati chini; watu wale mchana hufunga maduka wakaenda kula na kulala. Mfukoni nina pesa za kutosha, na siwezi kununua hata peremende. Nikamkalisha kwenye ukingo wa ukuta, nikaanza kukimbilia watu. Mwanamume mmoja alipita na baiskeli, nikaukamata usukani. "Sukari! Soda!" Akanipiga kikumbo akaondoka. Msichana mmoja nilimshika mkono, akajinasua akipiga kelele. Nikaligonga lango kwa ngumi. Dirisha moja likafungwa. La pili nalo likafungwa. Nikalisukuma lango, nikaingia, naelekea mlango wa kwanza niubomoe.

"Okewa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rudi nje."

"Nera, utakufa hapa!"

"Basi nife nje ya lango. Boma la watu huingii kama ng'ombe aliyekata kamba. Rudi."

Nikarudi. Sijui kwa nini nilitii, lakini nilirudi. Yeye akasimama, ameshika ukuta, akavua kofia, akapiga hodi kama anavyopiga Rusinga, kisha akangoja. Kimya. Nikamwambia hawa hodi hawaijui. Akafikiri kidogo. Utotoni alikuwa akimbebea padri mshumaa walipokwenda kwa wagonjwa vijijini, enzi za misa ya Kilatini, na kila mlango padri alianza kwa neno moja.

"Pax," mjomba akaita, kisha akamalizia kwa Kilatini kile kile: amani iwe katika nyumba hii.

Juu, dirisha lililokuwa limefungwa likafunguliwa. Bibi kizee mwenye aproni, unga mikononi, akafanya ishara ya msalaba na kuitikia kwa Kilatini kile kile: na kwa wote wakaao humo. Wakatazamana, yeye juu, mjomba chini na kofia yake mkononi.

Akashuka mbio na ndara, majirani nyuma yake, wanachungulia nyuma yetu kumtafuta padri. Maneno yale kwao pia yalikuwa ya kuingilia kwa mgonjwa. Akauliza kwa mikono: mgonjwa yuko wapi? Mjomba akajigusa kifua.

Ililetwa glasi ya maji ya sukari, kikaletwa kiti, ukaja mkate na jamu. Nilimshikia ile glasi mpaka akaimaliza. Macho yalipomrudia, neno la kwanza alilosema ni hili: "Okewa, muulize yeye ni mke wa ngapi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakuwa ya kicheko yote.

Mtoto wa bibi yule aliturudisha kwa gari lake. Njiani mjomba akaniambia, "Yule wa baiskeli pia anayo sukari nyumbani kwake. Yule msichana pia. Ulitaka kitu chao na hata habari zao hukutaka." Tulipofika nyumbani, mama alimpokea kaka yake akiwa mzima.

Sasa, mwanangu, unakwenda kwa watu. Tembea kwa miguu, ingia mitaa ambayo hakuna anayeipiga picha, usiogope. Anayekuambia hutaweza hajui umezaliwa na nani. Lakini ukifika penye lango la watu, simama nje. Salimu kwanza, hata kama una haraka, hata kama unakufa. Usipojua lugha yao, tafuta ndani yako neno lolote la amani, ulitoe polepole, kisha ungoje. Shida yako iseme baada ya hapo.

Nenda salama. Mungu akutangulie katika vichochoro usivyovijua, akupe watu wa kukuitikia, na siku moja akurudishe kwetu ukiwa mzima, una habari za kutusimulia.