Jumapili Shangazi Alipoingia Kanisani

Nilikuwa nimesimama mbele nikisoma somo la kwanza, shangazi wa mume wangu akaingia kanisani bila viatu. Kanisa letu liko kwenye vilima vya juu ya Kaloleni: mabati, viti vya plastiki, na Jumapili ile watu kama arubaini. Yeye hakuwa mmoja wetu. Alishika mila za wazee wake, na kila akiniona na Biblia alinitania, "Mke wa mwanangu, leo tena waenda kuimbia mabati?"

Siku ile hakuwa na utani. Mtoto mchanga wa mpwa wake alikuwa amefariki, na vijana wa ukoo walitangaza kuwa yeye ndiye aliyemroga. Ushahidi wao ulikuwa mvi zake na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Shamba lake la minazi walilitamani siku nyingi. Kwetu tuhuma kama hiyo huua, na kila mtu mle ndani alijua.

"Mtu akiingia humu," aliuliza, "aweza kutolewa?"

Mzee wa kanisa alichukua kofia yake akatoka. Mkewe akamfuata, kisha wengine, hadi nusu ya viti vikabaki vitupu. Sitajisifu: hata mimi niliogopa. Kidole kilibaki juu ya mstari. Halafu niliifunga Biblia, nikashuka, nikamshika mkono nikamketisha kwenye kiti changu. Nilisimama kando yake mpaka ibada ikaisha.

Nilimpeleka nyumbani, na mume wangu akafunga mlango kwa komeo.

"Wajua wanaweza kutuchomea nyumba."

"Najua."

"Basi alale chumba cha watoto. Watoto waje kwetu."

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Nilikuwa nikifundisha chekechea uani kwangu. Wazazi wakawatoa watoto mmoja mmoja, wakabaki watatu. Mume wangu ni fundi wa kuezeka, na simu yake ikanyamaza. Nikifika bombani, wanawake walisogeza mitungi yao mbali na wangu. Asubuhi moja tulikuta kuku wetu wote wamechinjwa na kupangwa mlangoni. Nililia, nikaomba ombi lisilo na uzuri wowote: "Bwana, nimechoka. Usiniache nikamtoa."

Shangazi alinisikia. "Mwanangu, niache niende zangu. Huyo Mungu wako hatakasirika."

"Nikikuacha uende, shangazi, hapo nitakuwa naimbia mabati kweli."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Hatimaye chifu aliitisha baraza uwanjani mwa shule. Vijana walitaka shangazi apelekwe kwa mganga akale kiapo. Nilisimama.

"Mimi nimeolewa tu katika ukoo huu," nilisema. "Lakini huyu analala kwangu na anakula kwangu. Kwa mganga haendi, na kukimbia hakimbii. Anayemtaka aje aanze na mimi."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Angekuwa mtoto wako aliyekufa, ungesema hayo?"

Kabla sijajibu, mwanamke aliinuka katikati ya akina mama. Alikuwa mama wa yule mtoto, na mkononi alishika kitabu cha kliniki.

"Mtoto ni wangu mimi," alisema. "Daktari alinieleza kuwa alizaliwa na tundu moyoni. Nilipowaambia watu wa nyumbani, wakaniamuru ninyamaze. Nimenyamaza. Lakini kila siku namwona huyu dada akienda bombani peke yake, na harudi nyuma. Nimeshindwa kunyamaza zaidi. Mwanangu hakurogwa. Aliugua."

Chifu alikipokea kitabu, akasoma kwa sauti yale yaliyoandikwa. Vijana wakatazama chini. Yule mama akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto. Hata kumlilia sikuruhusiwa."

Wakakumbatiana, wakamlilia mtoto pamoja. Chifu akasema mbele ya wote kwamba atakayemgusa yule mama mzee, au kuingia shambani mwake, atajibu kwa polisi.

Kesho yake tulimrudisha kwake mchana kweupe. Nilidhani tutakuwa mimi na mume wangu tu. Walikuja wale wa bombani, mmoja akabeba godoro, mwingine sufuria, na mzee wa kanisa akaomba, bila kunitazama usoni, apewe mzigo mzito. Tuliimba njia nzima, na mimi niliimba mpaka koo likawasha. Watu walitoka majumbani kututazama. Wengine wakajiunga nasi.

Shangazi alifungua mlango wake, akatugeukia sote.

"Mbona mwasimama? Nileteeni kuni. Leo mwala kwangu."

Tulikula muhogo wa nazi, tukijibana uani hadi pakakosa pa kukanyaga.