Timu Yetu ya Wabunifu

Nichekeni taratibu. Mtandaoni nilijitangaza hivi: "Timu yetu ya wabunifu ipo Kilwa Kivinje." Ukweli ni kwamba timu ilikuwa mimi, kompyuta yangu, na banda la kuku la bibi, maana hapo ndipo mtandao unaposhika.

Mwenye kampuni ya korosho huko Mtama akaniagiza lebo. Akawa anaandika, "Bodi yetu inaona kijani kimezidi." Nami najibu, "Nitakaa na timu." Nakaa na kuku, napunguza kijani. Hiyo bodi ilinitisha mpaka nikajitungia katibu, Bi Zuhura, nikawa najibu kwa jina lake.

Juzi hodi ikapigwa. Ni yule mteja, amekuja Kivinje harusini, anamuulizia Bi Zuhura.

"Zuhura simjui," bibi akamwambia. "Labda mjukuu wangu, yule anayeongea na kuku."

Nikatoka bandani na manyoya kichwani. "Shikamoo."

"Marahaba. Timu iko wapi?"

Yule mama mteja akalitazama banda, akanitazama mimi, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Bodi ndiyo mimi, mwanangu," akasema. "Na lebo tumeipitisha kwa kauli moja."